Vizazi Vitano vya Selika

Rugaibula wa Nshamba alikuwa na dini mbili, Ukatoliki na gari lake, na kwa bahati mbaya zote mbili zilikuwa na ibada siku ya Jumapili. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Celica nyekundu ya milango miwili, ambayo Nshamba nzima iliiita Selika. Aliinunua mwaka sabini na mbili kwa Mhindi mmoja wa Kampala aliyekuwa anafungasha virago baada ya kuambiwa aihame Uganda. Mhindi alikuwa analia, Rugaibula alikuwa anapunguza bei. Ilivukaje mpaka wa Mutukula, hilo alilijua yeye na Mungu, na Mungu hakuulizwa.

Lilikuwa gari la mbio. Lilitengenezwa na watu wenye barabara, likanunuliwa na mtu mwenye migomba. Tumbo lake lilikaa chini sana, na njia ya Nshamba ilikuwa na visiki na mawe ambayo hayakuwa na adabu kwa wageni. Kanisa halikuwa mbali. Paskazia, mke wa Rugaibula, alitembea kwa miguu akafika kabla ya misa kuanza. Mumewe alifika kwa gari wakati wa sadaka, kwa sababu kila penye jiwe ilibidi ateremke, ainame na suti yake, alikague tumbo. Alipoingia kanisani alizungusha funguo kidoleni, ili Bwana asije akasahau nani amekuja na nini.

Halafu serikali ikapiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa sababu ya uhaba wa mafuta. Ukimnyima Rugaibula Jumapili mchana umemnyima watazamaji, maana siku nyingine watu wa Nshamba wako mashambani, wameinamia majembe. Akabaki na gari la mbio lenye ruhusa ya kukimbia wakati wote, isipokuwa wakati wa kutazamwa.

Mtu mmoja tu alilipenda gari lile kumzidi yeye, naye ni mwanawe wa pekee, Buberwa, kijana mrefu, mcheshi, ambaye ndiye angeirithi nyumba na kibanja chote cha migomba na kahawa. Buberwa alikuwa anakata picha za magari kwenye magazeti ya Kiingereza na kuzibandika ukutani kwa utomvu wa migomba. Siku moja alimwita baba yake azitazame.

"Tata, Wajapani wametoa kizazi cha pili cha Selika. Ona, pua imekuwa ndefu."

"Na cha kwanza wamekifanya nini?"

"Kimezeeka, tata."

Rugaibula akaitazama picha, akasema kwamba Wajapani hawana heshima kwa wazee. Lakini kuanzia siku hiyo alianza kulifunika gari kwa mkeka, kama mtu anayemficha mke wa kwanza habari za mke wa pili.

Mwaka sabini na nane majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka. Watu wa Missenyi wakakimbia na magodoro vichwani, wengine wakafika hadi Muleba, na serikali ikaanza kukusanya malori na magari ya wananchi yakasaidie vita. Nchi nzima ilikuwa inauliza Amin atapigwa lini. Rugaibula alikuwa anauliza Selika atafichwa wapi.

Alifikiri juu ya ghala la kahawa, akaona litafunguliwa. Alifikiri juu ya kichaka, akaona mbuzi wa watu watalikojolea. Ndipo akapata wazo ambalo lingeweza kumjia Mhaya peke yake. Sisi tunazikana kwenye vibanja vyetu wenyewe, kando ya nyumba, katikati ya migomba, na hakuna mtu mwenye akili timamu, awe askari au mwizi, atakayechimbua kaburi la mtu mbele ya nyumba yake. Mahali salama kuliko benki ni kaburi.

Yeye, Buberwa na Mayunga, kibarua wao kutoka Usukumani, wakachimba shimo refu lenye mteremko upande mmoja. Kwa majirani Rugaibula alieleza kwamba ndugu zake watatu wa Missenyi wameuawa na bomu, na kwamba miili inakuja ikiwa katika hali ambayo haifai kutazamwa wala kungojwa. Paskazia alisikiliza maelezo yale akiwa amekaa mlangoni anamenya ndizi.

"Mimi sililii bati," akasema.

"Hujaambiwa ulie. Kaa tu kama mfiwa."

"Msiba hauitwi, Ta Rugaibula. Ukiuita unakuja, na haurudi bila kula."

Hakumsikiliza. Selika ikateremshwa shimoni asubuhi, wakati watu wamekwenda sokoni, ikafunikwa kwa miti na majani ya migomba. Walikuwa hawajatupia udongo alipotokea Anatolia, mjane wa kibanja cha jirani, mama wa binti mmoja aitwaye Felicitas. Alikuwa amesikia habari njiani akageuka mbio. Kwapani alishika lubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo wazee wetu walivishwa kwenda kaburini. Aliilipia kidogo kidogo na kuihifadhi kwa ajili ya siku yake mwenyewe.

"Watatu, na hawana hata nguo juu yao?" akasema. "Hawawezi kulala hivyo, waitu," akaongeza kwa lile neno letu la heshima.

Akashuka kwenye mteremko, akaitandaza lubugo yake juu ya majani, akainyoosha pembe moja baada ya nyingine kama mtu anayetandikia wageni. Chini ya kiganja chake, kwa kina cha majani tu, lilikuwa boneti la Selika. Buberwa alikuwa ameukumbatia mgomba, mabega yanatikisika, na Anatolia akamwambia kwa upole kwamba kulia kwa mwanamume si aibu.

Basi yowe likapigwa, na Nshamba ikafanya inavyofanya. Majembe yalinyamaza. Kwetu mtu akisikia yowe la msiba na bado akaendelea kulima, huyo amemtangazia mfiwa kwamba si mwenzake. Hivyo kijiji kizima kiliacha magugu yakue, kikaja na ndizi, maharage na pombe yetu ya lubisi, kikalala matanga kwa Rugaibula siku zote zilizowekwa na desturi. Watu walilia machozi ya kweli kwa ajili ya injini ya silinda nne. Anatolia alilia kuliko wote, kwa sababu aliyefiwa mara nyingi hakosi wa kumlilia. Rugaibula alikula ndizi zao, akanywa lubisi yao, akapokea pole kwa kichwa kilichoinama vizuri sana.

Mtu wa kukusanya magari alipita baadaye. Alisalimia, akaulizia malori. Alipoambiwa hakuna, akaenda zake. Miaka mingi baadaye Rugaibula alikutana naye Muleba, akamdokeza kwa kujisifu jinsi alivyomkwepa na Selika yake. Yule mtu alifikiri kidogo, akauliza, "Kile kigari? Sisi tungebebea nini?"

Vita ikaisha. Rugaibula akachagua Jumapili wakati wa misa, akidhani atalitoa gari kabla ya baraka ya mwisho. Hakujua kwamba gari likikaa kaburini msimu mzima wa mvua linafufuka kwa kelele. Selika ilipiga chafya, ikafoka, bomba la moshi likapasuka kwa mlio uliosikika hadi altareni. Waumini walipofika mbio, wakidhani Amin amerudi, walimkuta Rugaibula na suti yake ya Jumapili anapanda mteremko wa kaburi la ndugu zake watatu kwa gia ya kwanza, udongo unateleza juu ya paa, na lubugo imenasa kwenye boneti.

Anatolia akalisogelea gari. Aliigusa nguo yake. Katikati ilikuwa na doa jeusi la oili, kubwa kama sahani.

"Kumbe ndugu zako walikuwa na magurudumu," akasema, akaondoka. Lubugo aliiacha palepale.

Wazee walikaa. Msemaji alikuwa Mutembei, mkubwa wa ukoo, mtu mtaratibu ambaye hukumu zake zilianza na kutafuna kahawa. Alimtoza Rugaibula mbuzi na lubisi ya kuoshea watu machozi waliyotapeliwa. Kisha akamwagiza azike shina la mgomba katika lile shimo na kulifukia, kwa maana kaburi lililochimbwa halifai kuachwa na njaa.

"Na siku utakapolia tena, waitu," Mutembei akamaliza, "tutakuja tukipata nafasi."

Watu walicheka, Rugaibula naye akacheka, mbuzi akaliwa. Shimo hakulifukia. Lilikuwa zuri mno kwa kutengenezea gari. Unaliegesha juu, unaingia chini, unafunga boliti umesimama. Ile lubugo akaikunja, akaiweka kwenye kiti cha nyuma. Kaburi likageuzwa gereji, sanda ikageuzwa mto, na mtu akajiona mjanja.

Baada ya vita nchi haikuwa na sabuni, haikuwa na nguo, haikuwa na betri za redio; Uganda ng'ambo vyote vilipatikana. Buberwa akaingia kwenye magendo, kahawa inakwenda, bidhaa zinakuja, na katika miaka michache akawa kijana anayelipa bili ya baa nzima. Siku moja alirudi na Selika ya kizazi cha pili, ile ya pua ndefu. Baadaye akarudi na ya kizazi cha tatu, yenye taa zinazolala usingizi mchana na kuamka jioni ukibonyeza kitufe. Watoto wa Nshamba walisimama barabarani kungoja Selika afumbue macho. Aliyekalia kiti cha mbele mara nyingi alikuwa Felicitas, binti wa Anatolia, kitambaa cha kichwa kinapepea dirishani. Kabla yake walikuwa wengine, na baada yake pia; Buberwa hakuwa na uchoyo.

"Tata, hicho cha kwako kiuze vyuma chakavu," alikuwa anamtania baba yake.

"Cha kwangu kimekwisha kufa kikafufuka," Rugaibula alimjibu. "Chako bado."

Ndipo ugonjwa ukaanza. Ulianza na wenzake Buberwa wa mpakani, na watu wakauita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kinavaliwa na wenye pesa. Lilikuwa jina zuri, kama la binti wa shule ya masista. Vijana walikonda, wakaharisha, wakafa, na kila nyumba ilikuwa na maelezo yake: huyu aliwadhulumu Waganda wakamroga, yule alikanyaga dawa. Rugaibula naye, mtu aliyemdanganya kila mtu kijijini, sasa alimtafuta mtu wa kumdanganya yeye, na waganga hawakuwa na uhaba kama sabuni. Buberwa alipoanza kukohoa, kizazi cha tatu kiliuzwa kwa mganga wa kwanza. Cha pili kilikwenda kwa wa pili. Ukutani, juu ya kitanda, ilibaki picha ya kizazi cha nne, gari la mviringo ambalo Buberwa alikuwa ameapa kulifuata Mombasa yeye mwenyewe.

"Sasa linavutwa na magurudumu ya mbele, tata," alisema siku moja, akionyesha kwa mkono uliobaki mifupa. "Wamebadilisha kila kitu."

Rugaibula alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Kule Japani kila baada ya miaka michache kilikuwa kinazaliwa kizazi kipya. Hapa kizazi kilekile kimoja kilikuwa kinakwisha, na hakikuwa na kingine nyuma yake. Alilia siku hiyo, bila watazamaji, na hakuzungusha funguo.

Buberwa alifia hospitalini Bukoba mwaka themanini na sita. Mhaya hazikwi ugenini. Alipaswa kurudi kwenye kibanja chake. Rugaibula alizunguka stendi nzima kutafuta gari. Madereva walitaka kwanza kujua amekufa kwa nini, na walipomtazama usoni walikumbuka kwamba breki zao ni mbovu. Ikabaki Selika ya kizazi cha kwanza, ya milango miwili, isiyoingia jeneza hata ukilikata. Rugaibula na mhudumu mmoja mwenye huruma wakamkalisha Buberwa kiti cha mbele, wakamfunga mkanda. Shuka la hospitali lilidaiwa lirudi. Kwenye kiti cha nyuma ilikuwepo lubugo, basi wakamfunika nayo hadi shingoni, wakamvisha kofia.

Muleba, penye kizuizi, askari aliinama dirishani.

"Huyo anaumwa?"

"Mwanangu. Amechoka," Rugaibula akasema, na kwa mara ya kwanza tangu alinunue gari lile hakuwa anadanganya sana.

Akafika Nshamba kabla ya adhuhuri. Wakamlaza Buberwa sebuleni juu ya majani makavu, lubugo juu yake. Paskazia akatoka uani akapiga yowe. Alikuwa na sauti nzuri ya huzuni, na safari hii hakuwa analilia bati. Kisha mume na mke wakasimama, wakasikiliza.

Majembe yaliendelea. Kutoka kibanja cha kaskazini, ko, ko. Kutoka kwa Mutembei, ko, ko, ko. Rugaibula alijua mlio ule unasema nini. Aliyekufa bila majirani hana wa kumchimbia, hana wa kumbeba, anafukiwa na baba yake kama mbwa aliyegongwa. Paskazia akapiga yowe la pili, sauti ikakatika katikati. Jembe moja likanyamaza. Rugaibula akainua kichwa. Kumbe mwenye jembe alikuwa anafuta jasho tu. Ko, ko.

"Wanadhani ni gari," Paskazia akasema. "Wameisikia inakuja, halafu wakasikia yowe."

Rugaibula alichukua koleo, akaenda kulitazama shimo lake la gereji, akakaa ukingoni. Lilikuwa pale, wazi, tayari, miaka saba. Alijaribu kushuka akashindwa.

Ndivyo Anatolia alivyomkuta. Alikuja peke yake kwa njia ya kibanjani, jembe begani, uso umekaza. Hakutoa pole.

"Niambie kwa mdomo wako. Ni mtu?"

"Ni Buberwa, Ma Anatolia."

"Nitaona."

Akaingia ndani, akapiga magoti, akashika ukingo wa lubugo ili aifunue. Mkono wake ukasimama. Lile doa la oili lilikuwa palepale katikati, juu ya kifua cha Buberwa. Rugaibula, mlangoni, alitamani ardhi impasukie. Mama yule angeweza kuivuta nguo yake akaondoka nayo, na hakuna mzee Nshamba ambaye angemlaumu.

Anatolia aliufunua uso akautazama. Alikuwa anaujua tangu ulipokuwa na mashavu. Aliukumbuka mgomba uliokumbatiwa na mabega yaliyotikisika, naye Rugaibula akajua kwamba ameukumbuka. Kisha mama yule akairudisha lubugo mahali pake, akainyoosha pembe moja baada ya nyingine.

"Sasa imefanya kazi niliyoinunulia," akasema.

Akatoka uani, akaweka jembe lake chini, akapiga yowe yeye. Yowe la Anatolia halikuwa na deni kwa mtu. Jembe la kaskazini likanyamaza, likanyamaza na la kwa Mutembei, kisha ya mbali huko bondeni, moja baada ya jingine, mpaka Nshamba nzima ikawa kimya na Rugaibula akasikia migomba inavyopigwa na upepo. Wakaja wote. Wengine walipita kwanza sebuleni kuhakikisha, na hakuna aliyeona vibaya.

Walimchimbia Buberwa kaburi lake, la ukubwa wa mtu. Lile shimo la gereji Mutembei alisimamia lifukiwe, na shina la mgomba ndani yake. Matanga yakawa siku chache, si kama zamani. Misiba ilikuwa mingi, na kijiji kingelala matanga kila mara kingekufa njaa kabla ya ugonjwa kukifikia. Siku ya kuondoa matanga Rugaibula alisimama akasema analitupa lile gari, analitia moto, halitaki machoni.

Mutembei alitafuna kahawa yake.

"Hutalichoma. Kuna watoto wetu wamelala Bukoba, na wengine Mwanza, na madereva wanawakimbia. Wewe peke yako una gari lililokwisha kuzoea makaburi. Utakuwa unatuletea, bila nauli. Hiyo ndiyo faini. Ile ya mbuzi ilikuwa ya utani."

Kwa hiyo Selika ikapata kizazi cha tano, ambacho Wajapani, pamoja na akili zao zote, hawakukifikiria. Bashiri, fundi wa kuchomelea pale Muleba, alikata paa nyuma ya viti vya mbele, akang'oa viti vya nyuma na buti, akaunga bodi ya mbao ndefu kiasi cha mtu aliyelala, akainua springi ili tumbo lisigonge mawe. Rangi nyekundu ikapakwa kijivu. Ilikuwa sura mbaya ambayo haijapata kuonekana duniani, na ilipanda mlima wowote.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Felicitas.

Anatolia alikaa kiti cha mbele, alipokalishwa Buberwa, mikono magotini. Nyuma, kwenye bodi, binti yake alilazwa akiwa amefunikwa kwa shuka jipya. Lubugo nyingine Anatolia hakuwa nayo. Walikuwa wametoka naye Bukoba. Kila mmoja alijua Felicitas alikuwa anakaa kiti gani cha gari la nani, na hakuna neno lililokuwa na ukubwa wa kubeba hilo. Walipopita Muleba barabara ikanyooka, na mguu wa Rugaibula, kwa mazoea ya miaka kumi na minne, ukakanyaga mafuta. Injini ile ya mbio ikaitika kwa furaha.

"Polepole, waitu," Anatolia akasema. "Hana haraka."

Akaondoa mguu. Wakapanda kuelekea Nshamba kwa mwendo wa mtu anayetembea, bomba la moshi linakohoa mbele ya vibanja vya watu. Rugaibula alikuwa anajiuliza nani atapiga yowe, maana Anatolia alikuwa amechoka na sauti imemwisha. Halikuhitajika. Kabla hawajafika kona ya kanisa alisikia jembe la kwanza linanyamaza, kisha la pili, na kila walipopita palikuwa kimya, na watu walikuwa wanatoka migombani wananawa mikono.